Nambari Zilizopokezanwa: Jinsi Watu wa Kompyuta Walivyotafutana kwa Simu

Kijana wa leo akitaka kujua jambo huchapa neno moja kwenye simu yake ya mkononi, na kabla hajapepesa macho amekwisha kuletewa majibu elfu. Hapati hata nafasi ya kujiuliza majibu hayo yametoka wapi, wala ni nani aliyemwonyesha njia. Lakini walikuwako watu, na wengi wao wangali hai, waliokuwa na kompyuta mezani na waya wa simu ukutani, na juu ya hayo hawakujua waende wapi. Mji ulikuwapo, milango ilikuwapo, ila anwani hapana.

Habari yenyewe ni ya Marekani, na ni ya tangu mwaka 1978 hata kadiri ya 1995. Nimeona inafaa kuisimulia katika ukurasa huu kwa kuwa sisi watu wa pwani twajua vyema maana ya kuingia bandari ngeni ukiwa na jina la mtu mmoja tu mfukoni. Wazee wetu waliosafiri na majahazi hawakuwa na kitabu cha kuwaambia nyumba ipi ya kufikia. Waliuliza bandari ya kwanza habari za bandari ya pili, na ya pili wakauliza habari za ya tatu. Watu hawa nao walisafiri vivyo hivyo, ila wao walisafiri wakiwa wamekaa vitini, usiku, watoto wamelala.

THELUJI YA CHICAGO

Mnamo Januari 1978 theluji kubwa iliangukia mji wa Chicago, watu wakafungiwa majumbani mwao. Bwana mmoja, Ward Christensen, mfanyakazi wa kampuni ya IBM, alikuwa miongoni mwa waliozuiliwa na theluji ile. Akampigia simu rafiki yake Randy Suess. Wote wawili walikuwa wanachama wa chama cha wapenzi wa kompyuta mjini humo, na chama hicho kilikuwa na ubao ukutani ambapo mtu hubandika kikaratasi chake: nauza kitu fulani, natafuta mtu wa kunichukua garini tuende mkutanoni. Wakashauriana: kwa nini ubao ule usikae ndani ya kompyuta, na kila mwenye haja akaupigia simu kutoka kwake, akasoma vikaratasi vya wenzake na kuacha chake?

Christensen akaandika programu, Suess akaunga vyuma. Kazi iliwachukua kama majuma mawili, lakini wao wenyewe walikuwa wakisema ni mwezi mmoja, kwa kuhofia kwamba wakisema majuma mawili hapana atakayewasadiki. Tarehe 16 Februari 1978 ubao ukafunguliwa kwa watu wote, ukaitwa CBBS. Mashine iliwekwa nyumbani kwa Suess, na hilo halikuwa jambo la bahati nasibu. Suess alikaa ndani ya mji wa Chicago, na kumpigia simu mtu wa mle mjini kulikuwa rahisi kwa watu wengi zaidi kuliko kumpigia Christensen aliyekaa nje. Tangu siku ya kwanza, basi, bei ya simu ndiyo iliyoamua nani atakutana na nani.

Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, mabwana hao waliandika makala katika gazeti la Byte, wakaeleza kinaganaga jinsi ubao wao ulivyotengenezwa. Waliosoma mbali na Chicago wakatengeneza wao pia.

Sasa msomaji na aelewe jinsi ubao huo ulivyotumika. Mtu alikuwa na kifaa kiitwacho modemu, kinachogeuza herufi za kompyuta kuwa milio inayopita katika waya wa simu. Modemu nyingi za kwanza hazikuweza hata kuzungusha nambari zenyewe. Ulipiga simu kwa kidole, ukangoja kusikia mlio mwembamba upande wa pili, kisha ukaulaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira ili mashine zizungumze. Maandishi yalikuja kwa kadiri ya herufi 30 kwa sekunde, yaani karibu na kasi ya mtu anayesoma. Na kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa na waya mmoja tu wa simu, ubao ulipokea mgeni mmoja kwa wakati mmoja. Akiwamo mwenzio, wewe utasikia mlio wa kukuambia simu inatumika. Utangoja, utapiga tena, utangoja.

Kungoja huko ndiko kulikowafanya watu watafute mbao nyingine. Mwenye nambari moja alikuwa kama mtu mwenye kisima kimoja mtaani: foleni ikiwa ndefu, atauliza kisima kingine kiko wapi.

ULIYEPITA KWAKE AKUELEKEZE

Njia ya kwanza ilikuwa ni kuuliza mle mle. Mgeni akiingia katika ubao, akisha kusoma barua na kuaga, mara nyingi mwenye ubao alikuwa amemwekea maneno ya mwisho kwenye kioo: ukipenda hapa, wapigie na fulani na fulani, nambari zao ni hizi. Jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria. Mwenye duka hamwelekezi mteja duka la jirani, lakini hawa walielekezana, kwani hapana aliyekuwa akiuza kitu, na simu ya kila mmoja ilikuwa ikizidiwa na wageni.

Mgeni naye alichukua kalamu akanakili. Waliopitia zama hizo husimulia madaftari yao, pembeni mwa kompyuta, yaliyojaa nambari za simu zilizoandikwa kwa wino wa rangi mbalimbali: hii imekatwa msitari kwa kuwa haijibu, hii ina alama kwa kuwa huwa wazi usiku tu. Hayo ya usiku yalikuwa mengi. Mwenye ubao asiye na waya wa pili aliitumia simu ile ile kwa mambo ya nyumbani mchana, na ikifika saa nne usiku akaiachia kompyuta.

Njia ya pili ni maduka ya kompyuta na vyama vyao, ambamo karatasi za nambari zilibandikwa ukutani au kugawiwa bure. Njia ya tatu ni magazeti. Computer Shopper, gazeti nene la matangazo ya vifaa, lilichapa nambari za mbao pamoja na miji yake. Mwaka 1987 bwana Jack Rickard wa Colorado alianzisha jarida lake mwenyewe, Boardwatch, na mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kuwajulisha watu wa Denver mbao zilizokuwa karibu nao.

Na kulikuwa na njia ya nne ambayo naiona ya werevu kuliko zote. Mtu akichukua programu au mchezo kutoka katika ubao fulani, mwenye ubao alikuwa ametia ndani ya kifurushi hicho kikaratasi cha maandishi: mzigo huu umetoka kwangu, jina la ubao wangu ni hili, nambari yangu hii. Aliyechukua akaupeleka mzigo ule katika ubao wa mji mwingine, na wa huko wakaupeleka mbele. Kile kikaratasi kikasafiri na mzigo mpaka miji ambayo mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Mfanyabiashara wa zamani aliyechora alama yake juu ya gunia la karafuu angelijua jambo hili mara moja.

AMANA YA MWANDISHI WA ORODHA

Hapo ndipo walipotokea watu ambao mimi nawaona ndio mashujaa wa habari hii, ingawa majina ya wengi wao hayajulikani. Ni wale waandishi wa orodha. Mtu aliketi baada ya kazi yake ya mchana, akakusanya nambari zote alizozipata, akaziandika kwa mpangilio: nambari ya eneo, jina la ubao, mji, saa za kuwa wazi, kasi ya modemu. Akaiweka orodha hiyo katika ubao wake ili kila apitaye aichukue. Aliyeichukua akaipeleka kwingine, na wa huko wakaongeza zao.

Lakini orodha ni kitu kinachooza kama samaki. Mbao nyingi ziliendeshwa na vijana wa shule na watu wenye kazi nyingine. Kijana akienda chuo kikuu, au baba akichoka kusikia simu ikilia, ubao ukafungwa. Orodha iliyonakiliwa mara hamsini haina habari ya hayo, inaendelea kuitangaza nambari ile ile. Na kampuni ya simu, baada ya muda, humpa nambari iliyoachwa mtu mwingine kabisa.

Fikiri, msomaji, wewe ndiwe mtu huyo mwingine. Umehamia nyumba mpya, umepewa simu. Saa nane za usiku inalia. Unaamka na moyo wadunda, kwani simu ya saa hiyo haina habari njema. Unainua, unasema halo, na upande wa pili hapana mtu, ni mlio wa chuma tu au kimya. Unaweka. Baada ya dakika moja inalia tena, kwa sababu mashine haikuelewa kwamba imemwamsha binadamu, inajua tu kwamba haikupata jibu la mashine mwenzake. Kosa la tarakimu moja, la mtu aliyenakili akiwa na usingizi, laweza kumkosesha mwingine raha mwezi mzima, na wala hajui ashitaki wapi.

Jambo hilo lilitokea kweli, si kisa cha kubuni, na ndilo lililobadilisha mambo. Mwaka 1984 kijana wa San Francisco aitwaye Tom Jennings, mwenye ubao uitwao Fido, alifanya mashine yake iipigie yenyewe mashine ya mwenzake John Madill mjini Baltimore, mwisho mwingine wa nchi, na kukabidhi barua usiku simu zikiwa rahisi. Mbao nyingine zikajiunga, wakauita mtandao huo FidoNet. Tangu hapo nambari iliyo katika orodha haikupigwa tena na mtu anayeweza kusikia sauti na kuomba radhi. Ilipigwa na mashine, ambayo haina haya. Mwanzo Jennings aliitunza orodha hiyo mwenyewe, lakini mbao zilipoongezeka makosa yakaongezeka, na kumbukumbu zilizoandikwa na watu wa Fido wenyewe zataja jinsi nambari iliyokosewa ilivyosababisha mtu asiyehusika kupigiwa simu usiku.

Kabla mwaka huo haujaisha, kazi ya orodha ikakabidhiwa kikundi cha mji wa St. Louis, Ken Kaplan na Ben Baker wakiwamo. Nao wakashika sharti moja la busara sana: anayetaka nambari yake iandikwe ni lazima alete ombi lake kwa mashine yake, kwa njia ya mtandao wenyewe. Ombi likifika, ni dalili kwamba mashine ipo na yafanya kazi. Lisipofika, haandikwi. Hakuhitajiwa hakimu wala mlungura.

Baadaye, Juni 1985, orodha ikagawanywa kwa maeneo, kila eneo na msimamizi wake, na kila juma yakatolewa mabadiliko tu badala ya kuandika orodha nzima upya. Kukawa na saa moja maalumu ambayo kila ubao wa huko Marekani ulipaswa kuwaacha wageni na kupokea barua za mashine: ilikuwa saa kumi za alfajiri kwa watu wa New York, saa saba za usiku kwa watu wa California. Kwetu sisi saa hiyo jua liko utosini.

Kisha Jeff Rush wa Dallas aliwaletea Fido jambo jipya: mazungumzo yaliyosambazwa kwa kila ubao uliotaka, hata barua iliyoandikwa Dallas ikasomwa na watu wa miji mingi. Chini ya kila barua palikuwa na msitari mmoja wa kutaja imetoka ubao gani, na wengi walitia na nambari ya simu hapo. Basi mtu aliyekuwa akisoma mabishano ya siasa au mapishi akaona chini jina la ubao asioujua, akauandika daftarini. Orodha haikuwa na haja ya kutafutwa tena, ilikuja yenyewe na barua.

BILI YA SIMU NA MLANGO WA NYUMA

Nisije nikawafanya watu hawa wote malaika. Marekani, simu ya mtaani kwa nyumba nyingi ililipiwa kwa mwezi, uzungumze dakika moja au masaa kumi. Simu ya mji wa mbali ililipiwa kwa dakika, na bei yake ilishuka sana baada ya saa tano za usiku. Ndiyo sababu vijana walikesha. Na ndiyo sababu wazazi wengi walifungua bahasha ya bili mwisho wa mwezi wakapiga ukelele. Mwaka 1985 kampuni ya Telenet ilianza kuuza ruhusa ya kupiga miji kadhaa usiku kwa dola 25 kwa mwezi, na waliokuwa nazo walishukuru. Wasiokuwa nazo, baadhi yao walitafuta njia ya wizi, wakatumia nambari za siri za kadi za simu za watu. Huo ulikuwa wizi, na sioni sababu ya kuupamba.

Kulikuwa pia na wale wasiotaka kumwuliza mtu. Hao waliiamrisha kompyuta ipige nambari zote za mtaa mmoja, moja baada ya moja, mpaka iangukie inayojibiwa na mashine. Sinema ya WarGames ya mwaka 1983 iliuonyesha ulimwengu mchezo huo, na vijana wengi waliotoka sinemani usiku ule walikwenda kuujaribu. Usumbufu wake ni ule ule niliousema, tena mara elfu: nyumba mia zinaamshwa ili ipatikane moja.

Kinyume cha hao walikuwako wenye mbao zilizofichwa, ambazo nambari yake haikuandikwa popote. Ukifika huko, swali la kwanza juu ya kioo ni: nani amekupa nambari hii? Hapakuwa na jibu zuri ila jina la mtu anayejulikana mle ndani. Mwenye ubao akamwendea mtu yule kumwuliza, wewe ukingoja siku mbili tatu. Kwetu mtu akija kuposa huulizwa hivyo hivyo, na wala haoni vibaya.

Yote hayo yalikuwa na faida gani? Nitataja moja. Kulikuwa na mbao zilizotumiwa na viziwi. Simu, kifaa ambacho kwa karne nzima kilikuwa kimewafungia watu hao mlango, ikawa sasa yawaletea maneno kwa maandishi, na mtu wa upande wa pili asijue kama azungumza na kiziwi ila akiambiwa. Kwa mtu kama huyo, nambari iliyonakiliwa sawasawa haikuwa mchezo wa watoto.

HABARI ZILIPOFIKA KWETU

Fido hakubaki Marekani. Alivuka bahari akaingia Ulaya, na Afrika ikapewa fungu lake katika orodha, fungu la tano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kufunguliwa kwa raia wa Kenya, kituo cha mambo ya mazingira cha ELCI mjini Nairobi kilikuwa na mashine ya namna ya Fido, ikibadilishana barua na GreenNet ya London kwa simu. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilishiriki katika mtandao wa ESANET, uliounganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa njia hiyo hiyo. Wanaokumbuka simu za masafa za miaka ile, jinsi sauti ilivyokuwa ikija na kupotea kama mtu anayezungumza ndani ya kisima, watastaajabu kwamba barua zilipita salama. Zilipita, kwa kuwa mashine iliposikia kosa iliomba neno lile lirudiwe, na ikarudia bila kuchoka.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 FidoNet ilikuwa na vituo zaidi ya 30,000 duniani. Hapo hapo ndipo ilipoanza kupungua. Kurasa za intaneti zilikuwa zimekuja, na kurasa hizo zina jambo ambalo ubao haukuwa nalo: ukigusa neno lililopigiwa msitari wapelekwa kwingine papo hapo, bila kukata simu, bila kalamu, bila kumwuliza mtu. Jarida la Boardwatch likageuka kuandika habari za kampuni za intaneti. Wenye mbao wakaona usiku mzima unapita simu haijalia. Wengine waliziacha mashine zikiwaka miezi kadhaa hivyo hivyo, kwa kuchelea kwamba huenda mmoja akapiga.

Randy Suess alifariki Desemba 2019, na Ward Christensen akamfuata Oktoba 2024. Mtunza kumbukumbu wa Marekani, Jason Scott, aliyetoa sinema juu ya mbao hizi mwaka 2005, alizikusanya zile orodha za zamani alizoweza kuzipata, akaziunga kuwa moja. Imetimia zaidi ya mbao laki moja. Zimepangwa kwa nambari za maeneo, na mbele ya kila nambari pana jina la ubao, mji, na miaka ambayo ilionekana katika orodha. Waliokuwa wenye mbao hizo humwandikia wakasahihisha: hapa jina langu limekosewa, hapa tulifunga mwaka mmoja baadaye, tarakimu hii ya mwisho si tatu, ni nane.